Wimbo wa Kutetemesha Nyuzi

Wimbo wenyewe Nasambu aliuchagua kwa sababu nzuri kabisa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye. Angekuwa ameuokota tu njiani, angesema ni bahati mbaya, yaishe. Lakini wapi! Alikaa, akafikiri, akachagua kwa makini kama alivyofundishwa, halafu akautia ukoo mzima matangani kabla ya saa nne asubuhi.

Aliyemfundisha alikuwa Mzee Shafi, fundi wa nguo mwenye kibanda nyuma ya msikiti hapo Kitale mjini. Siku za kazi Shafi alishona kanzu na sare za shule. Wikendi alikuwa kiongozi wa kikundi cha muziki wa harusi, na kwenye kikundi hicho mpiga mandolini alikuwa babake Nasambu, Wangila, Mbukusu wa Bumula, mtu wa kanisa, aliyewapigia maharusi wa Kiislamu miaka nenda miaka rudi mpaka wakamwona wa kwao. Kisha kiharusi kikamwangusha. Upande wa kushoto ukalala, na ule mkono wa kubana nyuzi ukawa mzigo wa kubebwa na mwenzake. Siku aliyoruhusiwa kutoka hospitali aliitazama mandolini ukutani, akamgeukia binti yake.

"Hii kitu toa hapa. Peleka kwa Shafi. Sitaki kuiona tena."

Nasambu akaipeleka. Shafi akamwambia aishike kidogo kabla haijaingia kabatini, na hapo ndipo mambo yalipoanzia. Ikawa kila jioni akitoka kwenye duka la mbegu alikoajiriwa, anapitia kwa Shafi, halafu anafika nyumbani Matisi na uongo wake mkononi: leo tulikuwa tunapanga magunia, leo lori lilichelewa. Mamake, Phelista, alikuwa akijua. Babake hakujua. Na sasa mkono ulikuwa umeiva kiasi cha Shafi kutaka kumkalisha kwenye kiti cha Wangila kikundini, ila Shafi naye ana masharti yake.

"Siwezi kukuweka kwa kiti ya babako yeye hajui," alimwambia. "Umwambie. Akikataa, mandolini inaingia kabati na mimi na wewe tunabaki salamu tu."

"Atakataa, Mzee."

"Si hujamuuliza?"

"Namjua. Hata redio ikipiga nyuzi anazima."

Basi akawa anaahirisha. Kesho nitamwambia, Jumapili nitamwambia. Aliitaka ile mandolini kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na aliogopa neno moja tu kutoka kinywani mwa babake.

Shafi alikuwa na mtindo wake wa kufundisha. Kila ugonjwa wa mkono aliupa wimbo wake. "Usijifunze vitu mbili mara moja," alikuwa akisema, sindano imebanwa kwenye midomo. "Chukua wimbo iko kwa kichwa yako tangu utoto. Hiyo utaimba bila kufikiria, na mkono itasumbuka na jambo moja peke yake." Kidole cha mwisho cha Nasambu kilikuwa kivivu, akakitafutia wimbo wa kubembeleza mtoto, ule unaopanda juu kila mwisho wa mstari. Mkono wa kulia ulikuwa unajikwaa ukiruka kutoka uzi mmoja hadi mwingine, akauletea wimbo wa kuruka kamba wa shule ya msingi, wakacheka sana siku hiyo. Kukabaki kutetemesha tu: kupiga jozi moja ya nyuzi harakaharaka, chini juu chini juu, mpaka sauti isikatike, itoke moja ndefu kama mtu anaimba.

"Hapo unataka wimbo ya polepole," Shafi alisema. "Sauti ndefu. Yenye mtu anavuta mpaka pumzi inaisha. Nyinyi Wabukusu hamkosi. Nenda utafute."

Alitafuta kichwani wiki nzima. Nyimbo za kanisani zilikuwa na haraka. Ndipo akakumbuka Bumula, yeye mtoto mdogo amebebwa mgongoni na mtu, boma limejaa watu, na Senge Nasimiyu, dada ya babake, amesimama katikati ameweka mkono shavuni, anavuta sauti moja ndefu inayoshuka, inapanda kidogo, inashuka tena. Wimbo mzuri ajabu! Haukuwahi kumtoka. Kwa nini watu walikuwa wengi vile siku ile, hakukumbuka, na hakujiuliza. Mtoto wa mjini huyo, angejuaje?

Akaufanyia mazoezi kwa Shafi mpaka ukatetemeka vizuri. Mwisho tu ndio uliompotea. Asubuhi moja alipita kibandani kabla ya kwenda kazini, akaupiga, akajirekodi kwa simu, akautuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lile lenye ndugu wote wa Bumula. Alitaka kuandika hapo chini: Senge, huku mwisho inaendaje? Babake hakuwa kundini, simu aliikataa tangu ulimi ulipoanza kuwa mzito. Sauti ikaenda. Alipoanza kuandika, bando likaisha. Akasema atanunua mchana. Ulikuwa msimu wa kupanda, wateja wamepanga foleni mpaka barabarani, na tajiri wa duka hataki kuona simu mkononi mwa mtu. Nasambu akaizima, akaitia kwenye droo.

*

Mchana Phelista aliingia dukani miguu mitupu. Yeye huuza mitumba sokoni, mwanamke nadhifu, si mtu wa kutembea bila viatu. Leso ilikuwa imefungwa kichwani vibaya, machozi na kamasi vyote pamoja.

"Nasambu! Babako!"

"Baba amefanya nini?"

"Wamekuja kunifunga leso hapo sokoni. Jepkorir wa kibanda cha jirani na wengine. Wanalia. Wanasema pole. Nauliza pole ya nini, wananikumbatia tu. Ati watu wa Bumula wamepiga simu." Akashika kaunta. "Mimi nilimwacha anakunywa uji. Uji, Nasambu! Si nilimwacha vizuri?"

Hawakuaga mtu. Walikimbia njia yote hadi Matisi, mama mbele, mtoto nyuma, na watu wa njiani waliowajua wakawapisha huku wakivua kofia. Kila kofia iliyovuliwa ilimkata Nasambu maini. Babake amekufa, na uongo wake wa jioni zote zile amekufa nao. Hakuwahi kumwambia! Aliwaza hilo tu.

Walipokata kona ya mwisho waliona pikapu limesimama langoni, limefungwa matawi ya miti mbele na ubavuni kama yafungwavyo magari ya msiba. Wanawake walikuwa wanashuka, mikono kichwani. Senge Nasimiyu alikuwa wa kwanza, sauti imeshamtoka: "Papa wee! Wangila wee! Umeniachia nani?" Nyuma ya pikapu, chini ya turubai, kulikuwa na jeneza jipya, varnishi bado inanuka. Wekoye, mdogo wake Wangila, alikuwa ameshika komeo la lango kwa heshima ya mfiwa.

Akalifungua. Ndani, kwenye kijua cha uani, Wangila alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki na kikombe cha uji juu ya paja.

Kilio cha Senge kilikatika katikati kama redio iliyong'olewa waya.

Wangila aliwatazama mmoja mmoja. Akatazama matawi.

"Nani amekufa?" akauliza.

Phelista aliketi chini pale pale langoni, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Wekoye, si nakuuliza? Ni nani amekufa?"

"Hakuna, ndugu yangu. Sisi... tulikuwa tunapita tu."

"Mnapita. Na jeneza?"

"Iko na mwenyewe mbele huko," alisema Wekoye, jasho linamtiririka. Halafu akaona aibu ya uongo wake, maana jeneza lilikuwa limepimwa kwa kimo anachokijua, akakaa kwenye ngazi ya mlango na kushika kichwa. "Ah, mimi siwezi. Wangila, ni wewe. Ni wewe tulikuja kuchukua."

Senge Nasimiyu alimwendea kaka yake, akamgusa uso, akamgusa mkono ule uliolala, akamgusa mwingine. Kisha akaanguka magotini. "Nimekulilia," alisema. "Wangila, mimi nimekulilia na mdomo yangu, asubuhi hii, boma yote wakasikia!"

"Nani aliwaambia?"

Wekoye akatoa simu. Akaminya. Na pale uani, katikati ya watu na matawi na jeneza, mandolini ikaanza kutetemeka, sauti moja ndefu inayoshuka, inapanda kidogo, inashuka tena.

Wanawake wakajifunika nyuso. Sasa ndiyo alielewa, Mungu wangu, sasa ndiyo ile siku ya utotoni ilimrudia yote: zile sufuria kubwa, yale majani ya migomba, babu amelala sebuleni. Katika ukoo wao mwenye boma akifa hakuna anayetamka kwa kinywa kwamba amekufa. Wimbo huo ndio unaosema. Huimbwa siku hiyo, na siku nyingine yoyote hakuna anayethubutu hata kuupigia mluzi.

"Tulisikia mandolini yako inapigwa na mtu mwingine," Wekoye alisema, "na wimbo ndio huo. Bila neno hata moja. Tukapigia Nasambu, simu imezimwa. Mjane naye hapigiwi simu. Wewe ungefikiria nini, bana?"

Wangila hakuwa akimsikiliza. Kuambiwa amekufa hakukumtikisa kama kile kilichokuwa kinatoka kwenye simu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetema wenyewe juu ya paja, chini juu chini juu, uji unamwagika. Alipouona akaukalia.

"Hiyo mandolini inapigwa na nani?"

Macho yote yakamgeukia Nasambu.

Akasubiri atukanwe. Angetukanwa angeshukuru. Babake akageuza kiti kwa shida, akawapa mgongo. Tangu dakika hiyo hakumsemesha tena.

*

Sasa, mtu ameliliwa hajafa, hayo yangeisha kwa kuku wa kuchinjwa na dua. Taabu ni kwamba Wekoye ni mtu wa kufanya mambo mapema. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa.

Na kaburi lililochimbwa kwa jina la mtu halifukiwi tupu. Huzikwa mgomba mahali pake, na mwenyewe lazima awepo aone. Kwa hiyo asubuhi ya pili walikuwa Bumula wote: Wangila na gongo lake, Phelista, Nasambu, na Mzee Shafi, aliyekuja na mandolini kwenye mfuko wake wa kitambaa kwa sababu Wekoye alimpigia simu akasema iletwe, bila kueleza ya nini. Nasambu alidhani wazee wanataka kuiona tu.

Aibu iliyowakuta hapo bomani! Hema lilikuwa bado limesimama. Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi za wageni waliacha visu hewani Wangila alipopita, na mmoja akakimbilia nyuma ya jiko. Vijana walimpiga picha. Jirani mmoja, bila haya, alimvuta Phelista pembeni akauliza kama jogoo aliyechangia matanga atarudishiwa au ameshaliwa. Phelista akamwambia ameshaliwa, na mfupa akitaka atapewa. Wangila alipita katikati ya hayo yote kama mtu anayetembea kwenye nyumba ya wenyewe, mpaka akafika ukingoni mwa shimo, kando ya kaburi la babake.

Lilikuwa shimo refu, udongo mwekundu bado mbichi. Alilitazama.

"Mlichimba vizuri," alisema.

Wachimbaji, majirani wawili, waliinamisha vichwa. Mgomba ulikuwa tayari, umekatwa na kufungwa shuka. Wakaushusha kwa kamba. Mzee wa kanisa akaomba kwa kifupi, kwa sababu hata yeye hakujua aombe nini. Nasambu akaanza kupumua. Ndipo Wekoye akanyoosha mkono kwa Shafi.

"Na hiyo mandolini."

"Hii? Ya nini?"

"Hiyo ndio ilimuita. Mdomo umemuita mtu kaburini, hauwezi kubaki huku juu uite tena. Inaenda ndani na mgomba."

"Hapana!" Sauti ilimtoka Nasambu kabla hajajua. "Baba mdogo, kosa ni langu mimi. Nilikuwa nafanya mazoezi tu. Nilitaka wimbo wa polepole. Sikujua!"

"Ndio hiyo sasa. Hukujua," alisema Wekoye, na hakuwa na ubaya, maskini, alikuwa ameogopa kweli. Alimpenda ndugu yake. "Wangila, ni kitu yako. Wewe ndio utasema."

Nasambu alimwendea babake, akapiga magoti kwenye ule udongo. "Baba. Nilikuficha. Nimekosa adabu, najua. Nilitaka kukuambia kila siku. Mzee Shafi anataka nipige kwenye kikundi, lakini nikasema bila wewe sikubali. Chapa mimi. Usitupe hiyo."

Wangila alimpa Shafi ishara. Shafi, akidhani rafiki yake ameokoa jahazi, akaitoa mandolini kwenye mfuko na kumpa. Wangila aliegemeza gongo kifuani, akaishika kwa mkono wa kulia, akaigeuza mgongo, akaitazama uso. Tangu kiharusi hakuwa ameigusa.

Kisha akaiachia shimoni.

Ilianguka juu ya mgomba, nyuzi zikatoa mlio mmoja wa ovyo. Phelista alipiga yowe. Hata Wekoye aliyeyataka alirudi nyuma hatua.

"Wangila!" alisema Shafi. "Bana, umefanya nini?"

"Niliwaambia sitaki kuiona." Ulimi ulikuwa mzito na maneno yalitoka yamepinda, lakini kila mtu aliyasikia. "Mnajua ni nini kilikuwa kinanipa usingizi? Kila siku naangalia huu mkono nasema, sawa, umelala, na muziki umelala na yeye. Tumelala sisi wote. Nikakubali. Halafu juzi nasikia huyu mtoto anatetemesha. Vizuri! Vizuri kunishinda!" Akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya wanawake na watoto, hana mkono wa kujifutia maana mmoja umelala na mwingine umeshika gongo. "Mimi hamkunizika na wimbo. Mmenizika na ule mkono wake. Fukieni, twende."

Mchimbaji mmoja akachukua sepetu. Bonge la kwanza la udongo likaanguka, likagonga ubao wa mandolini.

Nasambu hakufikiri. Angefikiri asingeweza. Aliketi ukingoni, akateleza, akaingia.

Hapo ndipo boma lilipopiga kelele ambayo nadhani ilisikika barabarani. Mtoto hakanyagi ndani ya kaburi la babake. Ndiyo maana wachimbaji hutafutwa kwa majirani. Senge Nasimiyu alivua leso akajifunika kichwa. Mchimbaji alitupa sepetu akakimbia. Nasambu alikuwa chini, miguu inateleza juu ya mgomba, kuta nyekundu zimempita kichwa, mandolini ameikumbatia. Aliipangusa udongo kwa kiganja. Ilikuwa imepasuka ubavuni lakini shingo ilikuwa nzima. Akaangalia juu, akaona nyuso zinarudi nyuma moja moja. Hakuna aliyeleta mkono. Nani angempa mkono mtu aliyetoka humo?

"Toka!" Ilikuwa sauti ya babake, na ilikuwa imebadilika. "Nasambu! Toka hapo! Hiyo ni yangu, si yako! Toka!"

"Sitoki bila hii."

"Nasambu!"

"Basi wafukie, Baba." "Mimi sitoki bila hii."

Wangila aliinama juu ya shimo alilochimbiwa na akamwona mwanawe amesimama ndani yake. Uso wake, ule upande unaoweza, ulikunjamana. Gongo likaanguka. Shafi aliruka kumdaka akidhani anazimia, kumbe alikuwa anashuka mwenyewe, goti moja, kisha tumbo, mpaka akalala kifudifudi kwenye tope, kifua kikining'inia ukingoni. Mkono wa kushoto ulibaki nyuma kama nguo iliyosahaulika. Wa kulia aliuteremsha.

"Shafi, nishike miguu."

Shafi akamshika miguu. Wekoye alisimama, akatazama huku na huku, kisha naye akaja akashika.

Nasambu aliuona mkono wa babake juu ya kichwa chake, vidole vimetanuka. Mandolini ilikuwa imeijaza mikono yake yote miwili. Akiiachia mandolini auchukue mkono, itabaki chini, na yeye hatawahi kurudi humu tena. Akautazama mkono, akaitazama mandolini.

"Niko na mkono moja tu," alisema Wangila, pumzi inamwishia. "Siwezi kuvuta mbili pamoja."

"Najua, Baba."

"Basi lete hiyo kwanza."